Mwalimu mtarajiwa, elimu yako umeipokea kwa nani?

Hapa kwetu Igoma, kijana anayejiandaa kusomesha madrasa hupokea mawaidha kwenye simu kabla hajafungua kitabu. Maneno humgusa moyo, lakini kuguswa si uthibitisho. Akisomesha hadithi asiyoijua asili yake, watoto wataipeleka majumbani kuwa ni kauli ya Mtume (S.A.W.), na wazazi wataiamini kwa kuwa imetoka kwa mwalimu.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwalimu wa Unguja ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1969, alituachia mfano. Katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, hakutosheka na kutaja sifa zao. Alieleza pia nani alisoma kwa nani. Nayo Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari iletwayo na fasiki.

Basi, enyi walimu watarajiwa, kabla ya kusomesha hadithi tafuteni kitabu kilichoipokea na hukumu ya wanavyuoni juu yake. Msipoipata, waulizeni masheikh wenu. Nasi wazazi tuulize kwa adabu. Kusema "sijui" hakumvunjii mwalimu heshima. Kumzulia Mtume ndiko kunakoangamiza.

Wabillahi tawfiq.