Kitanda cha Mama, Bili ya Nani?

Karatasi hufika saa nane mchana. Mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na daktari anasema kesho anaruhusiwa, ila nyumbani bado. Anahitaji wiki kadhaa kwenye kituo cha uuguzi na utengamao, mahali penye wauguzi usiku na mchana na wataalamu wa kumfundisha kutembea upya. Mratibu wa hospitali anakupa orodha ya vituo 15 na kukuomba jibu kabla ya asubuhi. Wewe usiku una zamu ya kubeba boksi. Unachagua chenye jina zuri, unaenda kazini.

Nakuomba usichague hivyo. Sisi tulioleta wazazi wetu Marekani, au tuliozeeka nao hapa, hatuna akiba ya kurekebisha kosa la namna hii. Jioni moja inatosha, ukijua uanzie wapi. Na uchaguzi ni wenu: hospitali haina ruhusa ya kukulazimisha kituo fulani. Toa majina matatu kwa mpangilio, maana cha kwanza huenda kimejaa.

Swali la kwanza liulize hospitalini, kabla hata hujakifikiria kituo: "Mama amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi tu?" Kitanda ni kile kile, dripu ni ile ile, lakini kwenye bili tofauti ni maelfu ya dola. Medicare ya kawaida, bima ya serikali kwa wazee, hulipia kituo pale tu mgonjwa alipolazwa rasmi siku tatu mfululizo, na siku ya kutoka haihesabiwi. Aliyelazwa Jumatatu akatoka Alhamisi, zimetimia. Aliyekaa siku nne chini ya uangalizi, hana hata moja. Hospitali inatakiwa kumpa notisi ya maandishi mgonjwa aliyewekwa chini ya uangalizi zaidi ya saa 24, na notisi hiyo huja katikati ya karatasi nyingine kumi za kusaini. Itafute. Ukiikuta, zungumza na daktari mama akiwa bado wodini. Akishatoka, ni shida kuibadilisha hali hiyo.

Kama mama yuko kwenye Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni za bima, mipango mingi haidai siku tatu. Badala yake inadai kibali kabla ya kuhamishwa, na kituo kiwe kwenye mtandao wao. Piga namba iliyo nyuma ya kadi uulize mambo mawili: kibali kimetoka? Na kati ya vituo hivi, ni vipi mnavyovilipia?

Sasa bei. Kwa Medicare ya kawaida, siku 20 za kwanza mgonjwa halipi kitu. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100, mwaka 2025 alilipa dola 209.50 kila siku, na kiwango hiki hupanda Januari. Piga hesabu: akikaa siku 30, bili ni dola 2,095. Akikaa siku 40, dola 4,190. Akifika siku 100, dola 16,760. Baada ya hapo Medicare hailipi tena hata senti. Watu husikia "siku 100" wakadhani ni siku 100 za bure. Za bure ni 20, na hata hizo zinataka mgonjwa awe bado anahitaji uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya kila siku.

Tazama kama mama ana bima ya nyongeza ya Medicare. Mpango G na N hulipa mchango wote wa kuanzia siku ya 21. Mpango A na B hailipi. Herufi hiyo moja kwenye kadi inaweza kuwa na thamani ya mshahara wako wa miezi miwili.

Asiye na bima kabisa analipa kutoka mfukoni. Kwa takwimu za nchi nzima za 2024, bei ya kati ya chumba cha wawili ilikuwa dola 305 kwa siku, chumba cha peke yake dola 350. Mwezi mmoja kwenye chumba cha wawili ni dola 9,150. Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi hana Medicare. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, akiwa na miaka 65 na ameishi hapa miaka mitano mfululizo, anaweza kuinunua hata kama hajafanya kazi hapa: mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 518 kwa mwezi kwa sehemu A, ya hospitali, na dola 185 kwa sehemu B, ya madaktari. Ni ghali, lakini mwezi mmoja wa kituo ni sawa na mwaka mzima wa malipo hayo ya bima na zaidi.

Kabla ya kukubali kituo, linganisha na njia mbili ambazo mara nyingi hakuna anayekutajia.

Ya kwanza ni hospitali ya utengamao. Huko mgonjwa hufanya mazoezi saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, na daktari humwona mara kwa mara. Kwa bei, inashangaza: Medicare huihesabu kama hospitali, kwa hiyo mchango ule wa siku ya 21 haupo. Kiingilio cha hospitali ambacho mgonjwa hulipa kwanza, dola 1,676 kwa kiwango cha 2025, kwa kawaida kimeshalipwa kule alikofanyiwa upasuaji. Kama mama amepata kiharusi na ana nguvu za kuvumilia mazoezi, dai njia hii kwanza; mwongozo wa madaktari wa kiharusi wa Marekani tangu 2016 unaipendelea kuliko kituo cha uuguzi. Kama ni dhaifu mno kwa saa tatu, hawatampokea, na watakuwa sahihi.

Ya pili ni nyumbani. Medicare humleta muuguzi na mtaalamu wa mazoezi nyumbani bila malipo kwa asiyeweza kutoka kwa urahisi, na siku tatu za kulazwa hazihitajiki. Lakini wanakuja mara chache kwa wiki, kwa muda mfupi. Kumwogesha mama, kumpeleka chooni saa tisa usiku, hilo ni lenu. Msaidizi wa kukodi, kwa bei ya kati ya 2024, ni dola 34 kwa saa: saa nane ni dola 272, karibu sawa na kitanda cha kituo. Nyumbani panafaa penye watu wawili au watatu wa kupokezana zamu na choo kisicho juu ya ngazi. Ukiwa peke yako na kazi mbili, usijitie moyo wa bure; mama atabaki peke yake ndani, na ataanguka tena. Kama ana Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, uliza ofisi ya jimbo kama mwanafamilia anaweza kulipwa kwa kumtunza. Majimbo mengi yanaruhusu.

Tuseme imebaki kituo. Utapima vipi ubora wake usiku huu huu?

Tovuti ya Medicare ina ukurasa wa kulinganisha vituo, na kila kimoja kimepewa nyota moja hadi tano. Usiishie kwenye nyota ya jumla. Imejengwa na vitu vitatu: ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya afya ya wagonjwa. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo vya afya hutokana na taarifa za kituo chenyewe, kwa hiyo viamini kidogo. Idadi ya wafanyakazi inatokana na rekodi za mishahara, kwa hiyo iamini zaidi. Ukaguzi hufanywa na watu wa jimbo wanaokuja bila kubisha hodi, lakini nyota zake hugawiwa kwa kulinganisha vituo vya jimbo hilo tu: asilimia 10 bora hupata tano, asilimia 20 ya mwisho hupata moja. Nyota nne za Texas na nyota nne za Minnesota si kitu kimoja.

Mimi hutazama namba tatu tu. Saa za uuguzi kwa kila mgonjwa kwa siku. Saa hizo hizo Jumamosi na Jumapili. Na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Serikali ilitangaza mwaka 2024 kwamba kila kituo kifikishe saa 3.48 kwa mgonjwa kwa siku, mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta kanuni hiyo mwaka uliofuata. Sheria haipo, lakini kama kipimo cha mnunuzi bado inafaa: kituo kilicho chini yake sana, hasa mwishoni mwa juma, kiruke. Na ukiona alama ya mkono ndani ya duara jekundu kando ya jina, maana yake kituo kilipatikana na kosa la unyanyasaji. Hapo usisome zaidi.

Kisha nenda mwenyewe, hata kwa nusu saa, na uende jioni wakati wa chakula, siyo saa nne asubuhi wanapokupokea kwa kahawa. Pita kwenye ukumbi wenye maua bila kusimama. Kanuni inataka idadi ya wauguzi na wasaidizi wa kila zamu ibandikwe mahali wazi kila siku. Itafute ukutani, uisome. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho nayo lazima iwe mahali ambapo mgeni yeyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Tazama taa za kuita juu ya milango, zikiwaka zinakaa muda gani. Tazama sinia za chakula: kuna anayemlisha asiyeweza kujilisha, au sinia zinarudi zimejaa?

Halafu msikilize anayesukuma kiti cha magurudumu. Kwenye miji mingi waliko watu wetu, msaidizi wa zamu ya usiku anaweza kuwa Mkenya, Mkongomani au Mtanzania. Msalimie kwa Kiswahili, "Pole na kazi, dada," kisha muulize leo ana wagonjwa wangapi. Akisema kumi, shukuru. Akisema ishirini, mama atasubiri choo, na anayesubiri choo huamka mwenyewe na kuanguka. Muulize pia kama angemleta mama yake hapo. Jibu lake, au kimya chake, kina uzito kuliko nyota zote.

Mtaalamu wa mazoezi muulize: ni dakika ngapi kwa siku, peke yake au kwenye kundi, na Jumamosi je? Tangu Oktoba 2019 Medicare haivilipi vituo kwa dakika za mazoezi, kwa hiyo hakuna kinachovisukuma kuziongeza. Kama ni nusu saa siku tano, ujue mapema.

Kwa gharama za pembeni, shika hivi. Nepi, sabuni, kuoshwa nywele na kufuliwa nguo za kawaida havitozwi kwa mgonjwa anayelipiwa na Medicare au Medicaid. Saluni, simu, televisheni na chumba cha peke yake vinaweza kutozwa. Chumba cha peke yake hakina thamani ya pesa yake kwa wiki tatu. Mwenzake chumbani anaweza hata kumbonyezea kengele. Usafiri wa kiti cha magurudumu kwenda kliniki kwa kawaida Medicare hailipi. Uliza nani analipa. Na mama akirudishwa hospitali siku mbili, kituo kinaweza kukudai kumshikia kitanda. Uliza bei ya siku, na iandikwe.

Hatari kubwa iko kwenye kalamu. Binamu yangu alisaini fomu za kumpokea baba yake kwa haraka, mahali palipoandikwa "mhusika". Miezi minne baadaye barua za deni zilikuja kwa jina lake yeye. Alilia simuni. Sheria ya nchi hii inakataza kituo kudai mtu mwingine adhamini malipo kwa mali yake ili mgonjwa apokelewe. Saini kama mwakilishi wa mama, na andika hivyo kwa mkono kando ya saini. Vilevile hawaruhusiwi kukulazimisha kusaini mkataba wa kuacha kwenda mahakamani. Ukiwa umeshausaini, una siku 30 za kuufuta. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, hata kwa simu. Mtoto wa miaka 12 asitafsiri fomu hizi.

Vituo viwili vikikaribiana kwa wafanyakazi, chukua kilicho karibu na nyumbani, hata kama kina nyota moja pungufu. Mgonjwa anayetembelewa kila siku, kwa saa zisizotabirika, huogeshwa na kugeuzwa kitandani. Anayeonekana Jumapili tu hupata vidonda vya mgongo ambavyo hakuna anayejua vilianza lini. Panga zamu na ndugu na watu wa kanisani au msikitini, na kila anayekwenda aandike kwenye daftari moja: amekula nini, amefanya mazoezi dakika ngapi, ngozi iko vipi.

Daftari hilo litakufaa siku moja hasa. Kituo kikitaka kusitisha malipo ya Medicare, lazima kitoe notisi angalau siku mbili kabla. Mara nyingi watakwambia mama "hapati nafuu tena". Tangu makubaliano ya mahakama ya 2013, kutopata nafuu peke yake si sababu. Huduma ya kitaalamu ya kumzuia asirudi nyuma nayo hulipiwa. Namba ya kukata rufaa iko kwenye notisi yenyewe, na kupiga ni bure. Piga kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa, ukiwa umelifungua daftari mbele yako.