Benchi la Bibi Lapimwa kama Dawa

Tukisema "fulani ana mawazo", kila mtu anaelewa kuwa hali si shwari. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao: kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona linakaribia sana kile vitabu vinachokiita sonona na wasiwasi. Mwaka 2006, huko Mbare jijini Harare, alianza kuitibu hali hiyo akisaidiwa na mabibi 14 wa mtaani. Vyumba vya kliniki vilijaa, basi benchi likawekwa uani. Yeye alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Mabibi wakakataa: nani atakubali kuonekana amelikalia? Likawa benchi la urafiki.

Tiba yenyewe ni mazungumzo. Mgonjwa anamwaga yaliyomjaa, anachagua tatizo moja, labda deni, labda mume, kisha yeye na bibi wanatafuta hatua anayoiweza. Vikao ni 6.

Simulizi tamu, ila si ushahidi. Wengi wenye huzuni hupata nafuu siku zikipita, hata wasipotibiwa. Ndiyo maana watafiti walichukua kliniki 24 za Harare, wakazigawa kwa bahati nasibu: baadhi zikapata benchi, nyingine zikabaki na huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Kwa nini wagawe kliniki, si wagonjwa? Kwa sababu wagonjwa wa kliniki moja ni majirani. Alichoambiwa huyu benchini, yule angekisikia bombani jioni ileile, na ulinganisho ungeharibika.

Walioshiriki ni 573. Baada ya miezi 6, waliokuwa bado na dalili za sonona ni takriban asilimia 14 upande wa benchi, na asilimia 50 upande wa pili. Jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo hayo Desemba 2016. Tangu hapo benchi limefika hadi Zanzibar.

Mimi nayaamini matokeo hayo, kwa tahadhari. Kidonge hupimwa kwa kulinganishwa na kidonge kitupu, na mgonjwa hajui amemeza kipi. Bibi bandia hayupo. Aliyeketi naye anajua ameketi naye, na huenda akajibu maswali ya mtafiti kwa kumridhisha. Tena wengi wa walioshiriki walikuwa wanawake. Tumejifunza mengi kuhusu mawazo yao. Ya waume zao bado hayajakaa benchini.