Popo Wetu wa Pemba



Kaskazi ikianza na maembe yakiiva, tukikaa barazani jioni tukichambua karafuu, tutazame juu. Wale popo wakubwa wapitao hawapatikani popote duniani ila Pemba. Mchana huning'inia mitini, kama kule Kidike. Magharibi hutoka kutafuta matunda. Kweli hula maembe yetu, lakini pia hutawanya mbegu, na miti ikaota upya misituni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, walipohifadhiwa, wakaongezeka. Popo huyu kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, hivyo pengo lake halizibiki upesi. Basi tusiwapige, wala tusikate miti wanayolala.