Kabla ya Kushuka Korongoni Hell's Gate

Wakazi wengi wa Thika na Ruiru hutembelea Hell's Gate, Naivasha, msimu wa likizo. Njia moja hupitia Ruiru, Githunguri na Uplands hadi barabara kuu ya Nakuru. Katika mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka 1984, wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli.

Wengi huvutiwa na korongo la Ol Njorowa. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi, na maji yaliyofurika yalichonga miamba laini ya majivu ya volkano. Ukilitazama kutoka ndege ndogo, utaona mikondo mingi mikavu ikiingia kwenye njia moja nyembamba. Hapo ndipo penye hatari. Mvua ikinyesha mbali, maji yote hukimbilia humo, hata kama uliposimama kuna jua. Mafuriko ya ghafla yaliua wageni korongoni Aprili 2012 na tena Septemba 2019.

Kabla ya kwenda, zingatia haya:

• Sikiliza utabiri wa hali ya hewa wa Naivasha, si wa Thika pekee.
• Uliza maafisa wa KWS langoni kama korongo liko wazi.
• Ingia na kiongozi anayezijua njia za kutokea.
• Ukisikia ngurumo au kuona maji yakianza kutiririka, panda juu mara moja. Usirudie simu wala mkoba.

Viongozi wa shule na makanisa, mawingu yakitanda, ahirisheni kushuka. Safari inaweza kurudiwa.