Sorcerer au Wizard? Ubishi usioisha kwenye meza za Dungeons & Dragons

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ulioanzia Marekani mwaka 1974, kila mchezaji huchagua mhusika wa kumwigiza: mpiganaji, mwizi, kasisi na wengineo. Anayependa uchawi hukutana na wawili wanaofanana mno, Wizard na Sorcerer. Ubishi huanzia hapo.

Wizard amesomea. Hutembea na kitabu chake, na akipata uchawi mpya huunakili humo. Sorcerer hakusoma popote. Uchawi umo kwenye damu yake, pengine kwa sababu ukoo wake umechanganyika na joka. Kwa Kiswahili wote wangeitwa wachawi tu, lakini tofauti ya aliyefundishwa na aliyezaliwa nao haihitaji maelezo marefu.

Ilikuwa biashara ya haki

Sorcerer aliingia kama mhusika kamili katika toleo la tatu, mwaka 2000. Wakati huo Wizard alilazimika kupanga mapema: akitaka kurusha mpira wa moto mara mbili kwa siku, auandae mara mbili. Sorcerer alijua aina chache za uchawi, ila alitumia yoyote wakati wowote, na kwa mara nyingi zaidi. Bei yake ni kuchelewa: mpira huo wa moto Wizard aliupata ngazi ya 5, yeye ngazi ya 6.

Toleo la tano, mwaka 2014, likavuruga hesabu. Wizard naye akaruhusiwa kutumia alichoandaa kwa mpangilio wowote. Yaani faida kubwa ya Sorcerer ikagawiwa kwa jirani, huku uchache wake ukibaki palepale. Akifika ngazi ya 20 anajua aina 15 tu za uchawi. Wizard wa ngazi hiyo ana angalau 44 kitabuni.

Anayeumia zaidi hapa ni mgeni. Sorcerer hubadilisha uchawi mmoja tu kila anapopanda ngazi, na kupanda ngazi kunaweza kuchukua wiki kadhaa za kukutana na kucheza. Ukichagua vibaya, unakaa na kosa lako huku wenzako wakifurahia mchezo.

Wanaomtetea wanasemaje?

Wao hujibu kwamba idadi si kila kitu. Sorcerer ana pointi za kuugeuza uchawi wenyewe: kuuharakisha, kuupeleka kwa watu wawili, au kuutoa kimyakimya. Hilo la mwisho ndilo lenye raha. Kwenye baraza la mfalme, Wizard lazima atamke maneno au apunge mikono, na walinzi wanamwona. Sorcerer amekaa zake, mdomo umefungwa, na mfalme tayari amerogwa. Hakuna kitabu kinachompa Wizard jambo hilo kirahisi.

Kwa kweli hoja hii ina uzito, hasa kwa mchezaji mzoefu anayejua uchawi upi unafaa mahali pengi.

Kinachogombanisha watu kweli ni Sorcerer wa uchawi holela. Kwa kanuni za 2014, akitumia uchawi, msimamizi wa mchezo anaweza kumwambia arushe dadu ya pande 20. Ikija 1, jedwali la mambo 50 ndilo linaloamua kitakachotokea. Anaweza kugeuka mmea. Anaweza pia kulipuka mpira wa moto pale aliposimama, wenye madhara ya wastani wa pointi 28, wakati wahusika wa ngazi ya 1 mara nyingi wana uhai wa pointi 10 hivi. Kundi zima kwisha! Kuna meza zinazocheka hadi kesho, na kuna wachezaji wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini wafe kwa ajili ya chaguo la mtu mwingine.

Marekebisho nayo yakazua mengine

Mwaka 2020 zilitoka asili mbili mpya, kila moja ikiwa na aina 10 za uchawi wa nyongeza. Nafuu ikaja, ila waliokuwa na asili za zamani wakajiona wameachwa kwenye mataa.

Kitabu cha 2024 kikapandisha idadi hadi 22 kwa kila Sorcerer, kikaongeza na nguvu ya kuzaliwa inayoimarisha uchawi wake kwa dakika moja, mara mbili kwa siku. Lakini kikabana ule ujanja wa kupeleka uchawi kwa watu wawili. Waliozoea kuwaongezea kasi wenzao wawili kwa mpigo, wakiwemo waliojifunzia kwenye gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, hawawezi tena.

Na katika asili nne za kitabu hicho, tatu zimepewa uchawi wa nyongeza. Iliyokosa ni ile ya uchawi holela.