Zana za Kulifaa Trekta Dogo

Wakulima wanaojikusanyia akiba mwaka baada ya mwaka, wakaazimia kununua trekta dogo la nguvu za farasi 25 au 35, aghalabu hulichunguza trekta lenyewe kwa makini mengi, wakauliza habari za injini na matairi, za dizeli linayokula kwa siku na za mahali zinakopatikana spea. Kisha kwa fedha chache zilizosalia hununua plau yoyote waliyoikuta kwa muuzaji, wasiulize kama inaufaa udongo wa makonde yao. Huko ni kuanza kichwa chini miguu juu. Trekta peke yake halilimi hata robo eka. Kazi yote hufanywa na zana iliyofungwa nyuma yake, na sehemu ya trekta ni kuivuta zana hiyo, kuibeba, au kuizungusha. Anayetaka kuifaidi mali yake sharti aanze kwa kuijua kazi aliyo nayo, kutoka hapo achague zana, na mwisho ndipo atazame ni trekta la nguvu gani litakaloimudu.

Maarifa ya kuifunga zana katika trekta hayakupatikana kwa wepesi. Matrekta ya mwanzo yalikokota plau kwa minyororo na vyuma vya kuunganishia, na plau ilipokwama katika kisiki au jiwe, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka hata mbele ya trekta ikainuka na chombo kizima kikampindukia dereva. Aliyeitafutia dawa hatari hiyo ni Harry Ferguson, fundi aliyezaliwa Ireland katika mwaka 1884, ambaye wakati wa Vita Kuu vya kwanza alipewa na idara ya kilimo ya huko kazi ya kuangalia namna matrekta yanavyotumika mashambani, akayaona maovu hayo kwa macho yake. Baada ya majaribio ya miaka mingi alibuni mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu, inayoishika zana ikawa mwili mmoja na trekta, ikainuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Plau ikigonga jiwe, mkono wa juu husukuma mbele na kuikandamiza sehemu ya mbele ya trekta badala ya kuiacha iinuke. Trekta lake dogo la TE20, lililoundwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, lilitengenezwa kwa idadi iliyopita nusu milioni, na leo karibu viwanda vyote hufuata kanuni yake.

Kwa sababu hiyo zana ya kiwanda kimoja hufungika katika trekta la kiwanda kingine, madhali vyote viwili ni vya daraja moja. Matrekta madogo tunayoyazungumzia huwa ya daraja la kwanza, ambalo pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22 na pini ya mkono wa juu milimita 19. Kadhalika shafti inayotokeza nyuma ya trekta, ambayo kazi yake ni kuzitoa nguvu za injini na kuzizungushia mashine nyinginezo, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, na mashine inayonunuliwa sharti iwe imeundwa kwa mwendo huo. Jambo jingine ni uzito. Muuzaji akisema kwamba mikono ya trekta huinua kilo 800, aulizwe kilo hizo zimepimiwa wapi, kwenye ncha za mikono au sentimita 61 nyuma yake, kwani kadiri mzigo unavyokaa mbali na trekta ndivyo unavyolielemea zaidi. Na pipa la kunyunyizia dawa lenye lita 400 za maji lina kilo 400 kabla ya kuhesabiwa chuma chake.

Lakini mwenye kauli ya mwisho ni udongo, na ushahidi wake umo katika tarehe ya Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, pamoja na Urambo na Nachingwea, ikikusudia kufyeka zaidi ya eka milioni tatu. Yaliletwa matrekta mengi yaliyosalia vitani, na hata vifaru viligeuzwa vikawa matrekta. Lakini ardhi ya Kongwa, mvua zilipokoma, ilikauka ikawa ngumu ajabu, na mchanga wake mkali ukayala majembe ya plau kwa haraka isiyotazamiwa. Katika 1951 mpango ukaachwa, nao umekwisha kuteketeza pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36. Sababu za hasara hiyo zilikuwa nyingi, uhaba wa mvua ukiwa mojawapo, walakini lililo dhahiri ni kwamba mashine zilikusanywa kabla ya udongo kuchunguzwa ipasavyo.

Mkulima mdogo aweza kujiepusha na msiba wa namna hiyo kwa jembe la mkono na kisu. Na achimbe shimo la nusu mita katikati ya konde lake, wakati udongo una unyevu kiasi, kisha apitishe ncha ya kisu katika ukuta wa shimo kutoka juu kwenda chini. Pale kisu kinapokataa kupenya, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25, na mizizi ya mahindi ikaonekana imepinda ikaenda kando badala ya kushuka, ndipo lilipo tabaka gumu, ambalo huzaliwa na plau kupita kina kile kile kila mwaka na uzito wa magurudumu juu yake. Maji ya mvua hayalipenyi. Husimama juu, kisha hutiririka yakachukua mbolea na rutuba.

Konde kama hilo lataka ripa, yaani chuma kilichosimama wima chenye ncha ngumu, ambacho hupasua mstari mmoja na kuuacha udongo wa kati bila kuguswa, ili mvua ishuke mstarini na mbegu ipandwe humo humo. Trekta la nguvu za farasi 30 huweza kuvuta vyuma viwili, au kimoja ikiwa ardhi ni kaidi. Kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, kwa kuwa tabaka kavu hupasuka likavunjika, ilhali lililolowa hukatwa tu likajifunga tena. Na katika hilo mna faida ya pili, ya kuwa trekta limekwisha fanya kazi yake kabla ya siku zile za mvua za mwanzo ambazo kila mtu anamtafuta dereva.

Plau ya sahani ndiyo inayopendwa na wengi, wala haikosi sifa: sahani huzunguka zikapanda juu ya visiki na mizizi, kwa hiyo inafaa sana katika shamba jipya lililofyekwa karibuni. Lakini sahani huingia ardhini kwa uzito wa plau yenyewe, na trekta dogo haliwezi kubeba plau nzito, basi juu ya ardhi kavu hukwaruza tu. Fauka ya hayo, katika shamba la zamani, ikirudiwa kila mwaka, ndiyo ilijengayo lile tabaka gumu. Nathubutu kusema kwamba wengi huinunua kwa mazoea.

Rotaveta ina hadithi ya ajabu zaidi. Visu vyake, vinavyozungushwa na shafti, husaga udongo ukawa laini kama unga, na mtazamaji hufurahi. Katika majaruba ya mpunga, kama yale ya Mbarali au Mwea, furaha hiyo ni haki, maana mpunga wataka matope yaliyovurugwa vema, na lile tabaka gumu la chini, ambalo ni adui wa mahindi, huko huwa rafiki kwa kuyazuia maji yasizame. Lakini katika konde la mahindi lililo mteremkoni, udongo uliosagwa hivyo huchukuliwa na mvua kubwa ya kwanza. Mwenye trekta la farasi 25 asitafute rotaveta yenye upana unaozidi mita moja na robo.

Kulima huchukua majuma machache tu, na muda uliobaki, kwa aliyenunua kwa mkopo, deni halisimami. Hii ndiyo sababu naliweka tela mbele ya zana nyingi zenye sifa kubwa: tela hubeba samadi kabla ya masika, mavuno baada yake, na katikati hubeba maji, majani ya ng'ombe, mawe na matofali, ya mwenyewe na ya jirani anayelipa. Lifungwe daima katika ndoano ya chini, kamwe lisifungwe katika mkono wa juu, kwani huko ni kuirudisha ile hatari ya kupinduka aliyoiondoa Ferguson. Na katika nchi ya milima kama Usambara, tela lisilo na breki zake lenyewe lisinunuliwe kabisa. Baada ya tela yafuata mashine ya kupukuchua mahindi, ambayo huzungushwa na shafti na kuleta ujira kijiji kizima kinapovuna. Mashine ya kufyeka majani inamfaa mwenye minazi, mikorosho au malisho. Sepetu kubwa ya mbele, ambayo Marekani wengi huinunua pamoja na trekta, kwetu yaweza kungoja.

Zana iliyokwisha tumika si aibu kununuliwa, madhali mnunuzi amezitazama nyufa kwenye viungo vilivyochomelewa, ametikisa sahani na ekseli kuona kama beringi zimelegea, na amehakikisha kwamba ncha na visu vipya hupatikana katika mji ulio karibu. Zaidi ya yote, aiangalie shafti ya kuunganishia. Ile iliyo wazi hunasa kanga, shati au kamba, ikamvuta mtu kabla hajapata kupiga ukelele, na ndiyo maana kiwandani huvikwa ala ya plastiki isiyozunguka. Mafundi wengi huivua ala hiyo wanapotia grisi wasiirudishe, basi bei yake ikatwe katika thamani ya zana, na mpya ifungwe kabla mashine haijazungushwa hata mara moja.