Ubora wa Picha Iliyokuzwa
Neno "ubora", likitumiwa kwa picha zilizokuzwa na kompyuta, huficha mambo mawili. Tutazame majaruba ya mpunga ya Makwale, Kyela. Setilaiti za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, huyapiga picha ambazo pikseli zake ndogo kabisa zina upande wa mita 10. Picha ikikuzwa mara 4 kila upande, pikseli 1 huzaa 16, zote za kukisiwa. Tuta linaloonekana humo laweza kuwa halipo shambani. Ole wao watakaoamulia mpaka kwalo! Twapendekeza basi "umaridadi" kwa mvuto wa picha machoni, na "uaminifu" kwa kulingana kwake, pikseli kwa pikseli, na picha ya mahali pale pale iliyopigwa kwa karibu zaidi.